Hongo Yake Ilikuwa Breki

Barua haikupotea.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililolikana kwa muda mrefu zaidi. Nimelikana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Nimelikana kwenye jumuiya, tena nikiwa nimeshika rozari. Nimelikana kwenye kundi la simu la wakazi, nimelikana hadi kwa mume wangu, ambaye hata hakuwa ameniuliza. Kila mara nilisema, "Ofisi zetu si mnazijua? Wameipoteza."

Uongo! Hakuna aliyeipoteza. Iko kwenye jalada lake, imetobolewa matundu mawili kwa ustadi, na jina langu liko chini kwa wino wa bluu. Ilifika salama, ikagongwa muhuri, ikasomwa. Ikafa kwa maneno yangu mwenyewe.

Ndugu msomaji, sogea karibu maana haya sijawahi kuyasema hadharani. Na wewe mhariri, nakuomba usilitaje jina langu. Kwanza naona aibu. Pili, jina hilo umeshalichapa mara kadhaa chini ya makala za kuwafundisha watu uadilifu, na sipendi tuaibike wote wawili.

Mimi ni mwanamke wa makamo, Mnyamwezi wa Tabora, mtumishi wa serikali niliyehamia Dodoma pamoja na makabati ya ofisi. Nina shahada mbili. Ya kwanza inanilisha, ya pili huwa naitaja tu. Tulijenga Ipagala, kwenye mtaa uliokuwa wa vumbi na mashimo. Enzi hizo hakuna aliyeuliza mwisho wa mwendo ni ngapi. Mashimo yalikuwa yanatupangia.

Kisha ikaja lami. Tuliishangilia, wengine wakaifagia kwa mifagio ya ndani. Baada ya wiki moja kila mwenye gari mtaani aligundua kwamba gari lake lina gia ya nne.

Sheria inasema hamsini kwenye makazi ya watu. Hamsini hiyo tunaijua sote, hasa kule barabara kuu ambako trafiki anakaa nyuma ya kichaka na tochi yake ya kupimia mwendo. Kule tunatambaa kama tunakwenda kuposa. Mtaani kwetu hapakuwa na trafiki wala tochi, kwa hiyo hamsini ilikuwa kama bei ya kuanzia.

Mkabala na geti langu kuna genge la Mama Ndahani. Ni Mgogo wa hapohapo. Alikuwa analima uwele mahali ambapo leo mimi nimepanda maua. Wapima viwanja walipopita, barabara ikakata katikati ya maisha yake: nyumba ikabaki upande wangu, genge likabaki upande wa pili. Akisahau kisu, anavuka. Akikumbuka jiko, anavuka. Mteja akitaka chenji, anavuka.

Wagogo na Wanyamwezi ni watani. Kwa hiyo, ingawa ananizidi miaka kama kumi na mitano, sikuwahi kumwamkia shikamoo. Asubuhi nilikuwa nashusha kioo cha gari nikipaza sauti kwa salamu ya Kigogo:

"Mbukwa, mla mlenda!"

"Mbukwa, mpagazi! Leo umebeba pembe za nani?"

Hapo ananikumbusha mababu zangu, waliovuka nchi yake kwa miguu wakielekea pwani na mizigo ya watu wengine kichwani. Na Wagogo, ambao maji yao yalikuwa machache, waliwatoza hongo ndipo wapite. Siku hizi neno hilo linawapeleka watu mahakamani. Wakati ule ilikuwa ada ya njia: unatoa nguo au shanga, unachota maji, unakwenda kwa amani.

Lami ilipokuja, Mama Ndahani akaanza kunidai.

"Mpagazi! Babu yako alipita hapa kwa miguu akalipa hongo. Wewe unapita na gari, unatupulizia upepo, hulipi kitu!"

"Si nimenunua nyanya zako jana, mtani?"

"Nyanya ni biashara. Hongo yangu mimi ni breki."

Nilicheka hadi nikapaliwa. Kisha nikaondoka, nikaingiza gia ya nne kabla sijafika kwenye kona.

Basi, ndani ya mwezi mmoja mtaani wakagongwa mbuzi wawili na mbwa wa mwalimu mstaafu. Mwenyekiti akaitisha mkutano, Jumamosi saa nne, pale uwanjani kwenye ofisi ya mtaa. Mtendaji wa mtaa, ambaye ndiye huandika, alikuwa likizo ya uzazi. Mwenyekiti akaangaza macho, akaniona.

"Msomi wetu yuko hapa! Tunahangaika nini?"

Nilikataa mara mbili kama ilivyo desturi, mara ya tatu nikachukua kalamu. Ole wangu! Laiti ningeendelea kukataa.

Watu walisema mengi, lakini aliyesema likaeleweka ni Mama Ndahani. Alisimama akajifunga kanga vizuri.

"Mimi hizo namba za kwenye gari sizijui," alisema. "Ninachojua, zamani nilikuwa nasikia gari, navuka, namaliza, ndipo linafika. Sasa linafika kwanza, ndipo nalisikia."

Dereva mmoja wa bajaji akasema thelathini inatosha, kwa thelathini hata mwenye haraka anaona mtu. Mwenyekiti akauliza nani anaafiki. Mikono yote ikapanda. Hata wangu ulipanda! Nilinyosha wa kulia, kalamu nikaihamishia kushoto.

"Katibu, andika," mwenyekiti akaniambia. "Tumeazimia. Mwendo uwe thelathini mtaa mzima, vibao pande zote, na matuta matatu."

"Nimeandika, mwenyekiti."

Sikuwa nimeandika. Huo ndio ulikuwa uongo wa kwanza.

Utaniuliza kwa nini. Nimejiuliza sana, na majibu niliyokuwa najipa mwanzoni yalikuwa ya kisomi: lami haijaletwa ili watu watambae, matuta yanaharibu magari, nchi inataka kwenda mbele. Takataka! Ukweli ni mdogo na unatia aibu. Ofisi yangu iko Mtumba, kwenye mji wa serikali, na mlangoni kuna mashine ya kuweka kidole inayojua kila dakika niliyochelewa. Nami ni mtu wa kuchelewa, kwa sababu asubuhi nasoma nilichoandika jana na kukisifu.

Kuna lingine pia. Nyumbani nasubiri maji yatoke. Ofisini nasubiri mkubwa atie sahihi, akishatia nasubiri mkubwa wake. Kanisani nasubiri mahubiri yaishe. Kile kipande cha lami kutoka getini kwangu hadi barabara kubwa ndicho mahali pekee maishani mwangu ambapo hakuna aliyekuwa ananiambia subiri. Niliona wanataka kuninyang'anya.

Jioni ile nikakaa kwenye meza ya kulia chakula na kompyuta yangu. Nikaandika: "Mkutano uliazimia kwa kauli moja kwamba mwendo wa magari uwe kilomita thelathini kwa saa." Nikaitazama sentensi. Nikaifuta.

Mahali pake nikaandika: "Wajumbe walishauri mamlaka husika ione uwezekano wa kupitia upya mwendo wa magari, kadiri hali itakavyoruhusu."

Kama wewe si mtumishi wa ofisi unaweza usione ubaya. Sisi tunaujua. Azimio la wananchi linataka jibu. Mtu lazima aandike amefanya nini au kwa nini hajafanya. Lakini "ione uwezekano" haimbani mtu yeyote. Anayesoma anatikisa kichwa, anaandika "imeonekana," anapeleka karatasi masijala ikalale. Nimefanya kazi zaidi ya miaka ishirini. Nimezika mambo mengi ndani ya msemo huo, na hakuna hata moja lililofufuka kuja kunilaumu.

Mwenyekiti alitia sahihi bila kusoma mpaka mwisho. "Kiswahili hiki kimekaa!" alisema. Ilitakiwa mashahidi wawili. Wa kwanza alikuwa yule mwalimu mwenye mbwa, ambaye miwani yake ilikuwa imevunjika. Wa pili alikuwa Mama Ndahani.

Nilimpelekea gengeni na kidau cha wino.

"Umeandika nilivyosema?" akaniuliza.

"Nimeandika vizuri kuliko ulivyosema, mtani."

Mungu wangu! Nilisema hivyohivyo, tena nikicheka. Akafuta maji ya nyanya kwenye kanga, akachovya dole gumba, akalikandamiza kwenye karatasi kama mtu anayefukia mbegu. Akaliangalia, akaona limetoka vizuri, akafurahi.

Nikaipeleka barua mwenyewe ofisi ya barabara. Sikutaka hata ichelewe.

Miezi ikapita. Mtaa wa jirani, ambao nao walikuwa na malalamiko yaleyale, wakapata vibao vya thelathini na matuta. Baadaye nilikuja kuiona barua yao. Iliandikwa kwa mkono, kwenye karatasi ya daftari: "Tunataka magari yapunguze mwendo yawe thelathini. Tumekubaliana wote. Tunaomba mje." Sentensi tatu! Hakuna "husika," hakuna "kadiri." Nilipopita kwao nililazimika kupunguza mwendo, nikawa nawalaani kimoyomoyo.

"Na sisi zetu lini?" Mama Ndahani alikuwa ananiuliza.

"Mambo ya serikali, mtani. Subira."

Mimi nisiyependa kusubiri!

Kisha ikaja asubuhi ile. Nilikuwa jikoni nakunywa chai nimesimama, maana nilishachelewa. Nikasikia breki, halafu nikasikia beseni la bati likibiringika kwenye lami. Lilibiringika muda mrefu. Mpaka leo nikisikia bati nagutuka.

Nilipotoka, nyanya zilikuwa zimetapakaa barabara nzima, na Mama Ndahani yuko chini, mguu wa kulia umelala upande ambao mguu haulali. Dereva alikuwa mwanamke kama mimi, na kitambulisho cha kazi shingoni kama mimi. Hakukimbia. Alisimama kando ya gari lake kashika kichwa, anarudia neno moja tu.

"Nilikuwa hamsini! Jamani, nilikuwa hamsini tu!"

Na alikuwa anasema kweli. Trafiki walipopima baadaye walithibitisha. Hakuvunja sheria yoyote. Sheria ambayo angeivunja mimi nilikuwa nimeizuia isizaliwe.

Tulimpakia kwenye gari langu, kiti cha nyuma, jirani mmoja kamshika mguu. Kila nilipokanyaga mafuta kidogo tu, alipiga ukelele. Nikapunguza. Nikapunguza tena. Nikatazama mshale: thelathini. Hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu lami imwagwe kupita mtaa wangu kwa mwendo huo. Niliona vitu ambavyo sikuwahi kuviona. Kulikuwa na kibanda cha fundi viatu. Kulikuwa na mwarobaini wenye kengele ya shule ya chekechea. Nimeishi pale miaka sita, sikujua kwamba kuna chekechea!

Hospitalini walimpasua, wakamwekea chuma. Kesho yake nilimkuta kalala, midomo imekauka. Aliponiona akatabasamu.

"Mpagazi," akaniambia polepole. "Jana umelipa."

"Nimelipa nini, mtani?"

"Hongo. Yote, ya babu yako na yako. Nilikuwa nasikia breki."

Nilitoka nikalia kwenye korido. Muuguzi akanipapasa bega, akaniambia, "Mama yako atapona." Sikumsahihisha.

Nilikusudia kumwambia siku ileile. Nilirudi ndani nikiwa nimeshapanga maneno. Kabla sijafungua kinywa akauliza, "Ile karatasi yetu ilifikia wapi?"

Na kinywa changu, chenye shahada mbili, kikajibu: "Wameipoteza, mtani."

Ndugu zangu, hapo ndipo mlango ulipofungwa nyuma yangu. Mama Ndahani akamwambia mwenyekiti, mwenyekiti akaitisha kikao, nami nikaombwa niseme. Nikasema! Nilisimama nikakemea urasimu, nikawakemea watu wanaokaa na karatasi za wananchi. Wakanipigia makofi. Wakanichagua niongoze kamati ya kufuatilia barua. Yaani mwizi akakabidhiwa tochi akamtafute mwizi.

Nikaandika na makala. Ilitoka. Ilihusu jinsi uzembe wa ofisi unavyovunja miguu ya watu. Mhariri, unaikumbuka? Ulinipigia kunisifu ukasema ina uchungu wa kweli. Uchungu ulikuwa wa kweli.

Siku moja, kwa kujitesa, nikaamua kupima. Nilipita kipande kile kwa hamsini nikiangalia saa ya simu, nikarudi nikapita kwa thelathini. Tofauti ilikuwa dakika moja, nayo haikutimia. Natumia zaidi ya hapo kila asubuhi kutafuta funguo za gari.

Nilijaribu kurekebisha kimyakimya. Nikaandika barua nyingine, yenye "uliazimia" nene yenye afya, nikaitia kwenye mkoba, nikaenda ofisi ya barabara nikidhani nitaibadilisha na ile ya zamani. Bwana wa masijala alikuwa mtu mzima, kalamu nyuma ya sikio. Alilitoa jalada, akaliweka mezani, akaliwekea kiganja juu.

"Karatasi haitoki humu, mama. Ukitaka kuingiza nyingine, mwenyekiti aandike barua aeleze hii ya kwanza ina kasoro gani."

"Hebu isome. Wewe unaonaje?"

Akaisoma yote, taratibu, midomo ikicheza. "Mimi sioni kasoro," akasema. "Imeandikwa vizuri sana. Huyu katibu aliyeiandika ni nani?"

Nikamwambia simjui.

Mama Ndahani akarudi nyumbani na magongo mawili. Genge likafunguliwa tena, lakini sasa hawezi kuvuka peke yake. Asubuhi anasimama ukingoni mwa lami na kusubiri mtu amsimamishie magari. Mara nyingi mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nanyosha mkono kama trafiki, magari yanasimama, naye anavuka, gongo, mguu, gongo, na katikati ya barabara ananiombea baraka. Fikiria! Kila asubuhi, kabla ya saa moja na nusu, naombewa baraka!

Akaanza kunihimiza. "Mtani, twende wote ofisi ya barabara. Mimi niwaonyeshe mguu, wewe uwaonyeshe maneno."

Mara ya kwanza nilimwambia tusubiri bajeti ipite. Mara ya pili nilimwambia nina homa. Mara ya tatu nilimwambia nina semina Chamwino ya siku nzima, na hiyo nusura iniue. Semina haikuwepo. Genge lake linatazama geti langu, kwa hiyo mume wangu aliondoka na gari, nami nikabaki ndani, mapazia yamefungwa, nimelala sakafuni sebuleni kama mhalifu, nikiogopa hata kukohoa. Dirisha lilikuwa wazi kidogo. Kutwa nzima nilimsikia akiwaambia wateja:

"Mtani wangu leo hayupo. Yuko Chamwino, anatutetea."

Nilijua siwezi kutoka ndani ya nyumba ile, na sisemi nyumba ya kuta, nasema ile ya uongo wangu.

Sasa, kabla sijaeleza simu niliyopigiwa, niwaonye wenzangu hapahapa, maana baada ya simu ile sina la kuongeza.

Ninyi mnaopewa kalamu na watu waliokaa juani wakaamini kwamba mtaandika walichosema: andikeni walichosema! Msikiboreshe. Msikivalishe suti. Mtu akisema "nataka," usimwandikie "anashauri." Kiswahili kizuri kinaweza kumvunja mtu mguu, nimeona kwa macho yangu. Nanyi mnaowahi, nawaomba mpime hiyo dakika yenu kwa saa, mwone ina ukubwa gani, kabla hamjaamua nani ailipie. Na ukishakosea, sema siku hiyohiyo, hata kama umevaa kanga na nywele hujachana. Kesho yake uongo unakuwa umeshapata kamati.

Simu ilikuja Alhamisi mchana. Nilikuwa kantini na wenzangu wawili wa ofisini, tunakula ugali na mlenda. Ndiyo, mlenda, nami ni mla mlenda siku hizi. Mkono ulikuwa umechafuka, nikabonyeza simu kwa kifundo cha kidole cha mkono wa pili, ikajiweka kwenye spika. Jina lilikuwa la Mama Ndahani.

"Mbukwa, mla mlenda!" nikasema kwa nguvu.

"Hujambo, Bi Katibu."

Nilitazama tena jina kwenye kioo cha simu, nikidhani ni mtu mwingine.

"Niko ofisi ya barabara," akasema. "Nimekuja na bajaji. Niko na mama mhandisi hapa, amenisomea karatasi yetu mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani amekosea jalada."

Nilijaribu kuzima spika, kidole chenye mlenda kikateleza.

"Nikamuuliza, uwezekano ni kitu gani? Anasema karatasi iliwaomba wauone. Wakauona. Wakaurudisha kabatini."

Mwenzangu mmoja akacheka, alidhani tunataniana.

"Sasa mama mhandisi ana swali, na mimi ninalo hilohilo. Anasema kama kalamu iliteleza, uandike masahihisho nusu ukurasa, leo, naye atatuma wapimaji wiki hii. Kama haikuteleza, karatasi hii haifai, tuanze mkutano upya na katibu mwingine. Dole langu nimeliona liko palepale. Bi Katibu, kalamu iliteleza?"

Jamani! Mlango ulikuwa umefunguliwa, na aliyeushikilia ni yeye mwenyewe, kwenye magongo yake. Neno moja tu, "ndiyo," vibao vingekuja, mwenyekiti asingejua, nami ningebaki msomi wa mtaa. Na nilisikia kwenye sauti yake kwamba angeupokea uongo huo. Angeupokea na kuniita mpagazi kama zamani, huku akijua.

Wenzangu walikuwa wameacha kula.

"Haikuteleza, mama," nikasema. Sikuwahi kumwita mama kabla ya siku ile. "Niliandika nilichokusudia. Nilikuwa nawahi kazini."

"Ulikuwa unawahi," akarudia, kama mtu aliyetajiwa bei.

Nikamsikia akimwambia mtu aliye karibu yake, "Haikuteleza." Kiti kikaburutwa. Gongo likagonga sakafu.

"Haya," akasema. "Tutaitisha mkutano. Nitatafuta mtu asiyejua kuandika sana."

"Mtani, nisamehe. Nitoze chochote, nitalipa, nitapita kwa miguu kama babu yangu, niambie tu unataka nini."

"Hapana, Bi Katibu," akanijibu, kwa adabu ambayo hakuwahi kunionyesha miaka yote sita. "Wewe pita tu. Hongo hatukutozi tena."